Mama ametangaza kanisani kwamba mdogo wangu amepata chuo, na hajapata

Admin, naomba unifichie jina, maana nusu ya kanisa letu wanasoma ukurasa huu.

Kigelegele cha mama bado kiko masikioni mwangu. Alikipiga mwezi wa nne kwenye korido ya jengo letu hapa Woodbridge, Marekani, akiwa bado na sare ya kazi, mpaka jirani akafungua mlango kuuliza kama tuko salama. Mdogo wangu alikuwa amemwonyesha kwenye simu kwamba amechaguliwa kwenda programu ya kiangazi ya chuo kikuu kimoja chenye jina kubwa: wiki tatu, kulala bwenini, kufundishwa na maprofesa. Mama alisikia jina la chuo na kwamba mtoto amechaguliwa. Mengine hayakumfikia.

Nina miaka ishirini na tatu. Nilikuja Marekani kutoka Kenya nikiwa na kumi na mbili, nikamaliza chuo mwaka jana, sasa nafanya kazi ya ofisini Fairfax. Mdogo wangu ana kumi na sita. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Mama anahudumia wazee, na ametulea peke yake.

Mimi nilishuku tangu siku ile. Ujumbe ulimsifu mdogo wangu kama mtu aliyetafutwa nchi nzima, lakini kijana wa ghorofa ya chini, ambaye mama yake analia kila siku kuhusu alama zake, aliupata ule ule, neno kwa neno.

Jumapili iliyofuata mama alisimama wakati wa ushuhuda, kanisani kwetu Lanham. "Bwana asifiwe. Binti yangu amepata chuo." Wamama wakaanza wimbo, wazee wakamwekea mdogo wangu mikono kichwani. Yeye aliangalia viatu vyake. Nikamnong'oneza mama, "Mum, si chuo, ni programu tu." Akanibana paja bila kugeuza uso.

Kwenye gari ndipo aliposema. "Wewe, huko kwetu umewahi kuona chuo kikimpa mtu kitanda kabla hakijamchukua?"

"Hapa ni tofauti, Mum."

"Tofauti ni wewe."

Sikumlaumu. Nyumbani hulali kwenye hosteli ya chuo kikuu kama huna nafasi ndani yake. Nani angemweleza kwamba hapa watoto wa shule hupangishiwa mabweni kiangazi, halafu Septemba chuo hakina habari nao?

Mtu wa kumweleza alikuwa Mwalimu, kama tunavyomwita. Ni mzee wa kanisa, alifundisha zamani huko Kenya, na wazazi wetu humpelekea kila jambo la shule. Badala yake alimwambia mama, "Wakishamzoea, kumkataa itakuwa vigumu." Nikamfuata baada ya ibada. Nilimuuliza kuhusu watoto wawili wa kanisa letu aliowashauri kwenda programu hiyo mwaka juzi, kama waliingia chuo kile.

"Wako chuo, dada."

"Chuo hicho hicho?"

"Wako chuo. Unajua shida yako? Umesoma mpaka unaogopa baraka." Wanaume waliokuwa karibu wakacheka. Mpaka leo sijui kama anapata chochote kwa kila mtoto anayemshauri, au anapenda tu kuulizwa.

Ningenyamaza kama isingekuwa safari ya mama. Hajamwona nyanya yetu kwa miaka tisa. Macho ya nyanya yanafifia, na mwaka huu mama alikuwa hatimaye amepewa likizo ya Julai. Programu ilipokuja na ada yake, akaahirisha ili pesa za nauli zilipe ada. "Nyanya atangoja," alisema, akiwa ananipa mgongo, anaosha sufuria iliyokuwa safi tayari.

Nikapiga simu ofisi ya udahili ya chuo chenyewe. Mwanamke mmoja wa ofisi hiyo alinijibu kwa upole kwamba wanaoendesha programu ya kiangazi si wao wanaochagua wanafunzi wa chuo, na kwamba kuhudhuria hakumwongezei mtoto nafasi ya kuingia. Akipenda somo atafurahi, na anaweza kuandika alichojifunza anapoomba chuo, sawa na ambavyo angeandika kuhusu kazi au kuhusu kulea wadogo zake. Nilimshukuru, nikakaa ndani ya gari nikijiuliza kama ninachokisikia moyoni ni ukweli au ni wivu. Mimi sikuwahi kuombewa mbele ya kanisa. Nilijichunguza sana, na sikupata jibu safi.

Jioni nikamwambia mdogo wangu. Alisema, "Najua. Shuleni walituambia."

"Na ukanyamaza?"

"Umeuona uso wa mum?"

"Lakini wewe unataka kwenda?"

Akainua mabega. "Nasikia chakula chao ni kizuri." Kisha akasema nifanye ninalotaka, ila asiwe yeye wa kumwambia mama. Sijui kama alinipa ruhusa au alinisukumia mzigo. Hata yeye nimeanza kumshuku.

Mambo yote ya kompyuta nyumbani nayafanya mimi, kwa hiyo wa kuthibitisha nafasi ni mimi. Mwisho ulikuwa leo.

Ndugu zangu, mtanishauri, najua, na wengine mtanitukana. Ninachohitaji ni kuambiwa nianze na maneno gani, maana jambo lenyewe nimeshalifanya. Leo mchana, wenzangu wakiwa wametoka kula, niliifuta nafasi ya mdogo wangu, kisha nikamkatia mama tiketi ya Nairobi, ya Julai. Jumapili kanisa linaandaa chakula cha kumuaga mdogo wangu. Mimi nimepangiwa chapati, na unga nimeshanunua.