Waya Aliokatiwa Elsa

Watu wa mtaa wetu wa Ngagara wanamsifu Régis kwamba anamtunza vizuri dada yake. Mimi ni jirani yao, na nikisikia sifa hizo damu inanichemka.

Elsa alizaliwa kiziwi. Sebuleni kwao palikuwa na simu ya mezani ya baba yao, Mzee Audace, karani wa wizara. Wote waliongea kwenye simu ile. Kazi ya Elsa ilikuwa kuipangusa vumbi.

Kisha mzee akaleta intaneti kwa waya ule ule wa shaba. Fundi alitueleza kwamba sauti ya mtu hutumia mitetemo ya chini tu. Ile ya juu, ambayo sikio halisikii, ilikaa bure miaka yote. Modemu ikaipakia hiyo ya juu picha na maandishi, na kichujio kidogo ukutani kikazuia visigombane na sauti. Mzee alipiga simu zake huku Elsa yuko kwenye kompyuta na Bella, rafiki yake wa shule ya viziwi, aliyeolewa Kigali. Kila jioni walizungumza kwa mikono, wakionana kwenye kioo. Walicheka, walisengenya, walililiana. Nyumbani hakuna aliyejua ishara zaidi ya "njoo", "kula" na "osha". Mimi nilijifunza utotoni kwa kucheza naye. Ndugu zake hawakuwa na nafasi, ati.

Mzee alipofariki, Régis akaenda kuifunga laini bila kumuuliza mtu, na intaneti ikakatika nayo.

"Ile telefone ni ya nini?" akaniambia. "Mu hii nyumba hakuna mutu anaongeaka nayo."

Elsa akajaribu simu ya mkononi. Picha ikawa inakwama. Mkono wa Bella uliganda hewani, na ulipoanza tena kusogea, maneno yalikuwa yameshapita. Ukiona nusu ya ishara, huna kitu. Mwishowe akaacha, akawa anashinda jikoni akimenya mihogo ambayo hakuna aliyeiomba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema, lakini Régis alikuwa anakula naye sahani moja.

Jumapili Elsa akamkabili Régis mbele ya wageni waliotoka kanisani. Mikono yake ilikata hewa kwa nguvu, machozi yanamtoka, sentensi juu ya sentensi. Régis akatabasamu kwa aibu, akanigeukia.

"Anasema nini?"

Nilikuwa nimeelewa kila neno.

"Mumekulia nyumba moja," nikamjibu, "na unaniuliza mi?"

Nikaondoka. Elsa alikuwa bado anamwambia.