Dereva Aliyempita Ndugu Yake

Mume wangu Mahfoudh alikulia ndani ya magari. Kwao Unguja, baba yake alikuwa fundi, na ua wa nyumba yao ulijaa injini pale ambapo majirani walifuga kuku. Yeye na mdogo wake Suud walikuwa wakinunua magari makuukuu ya watu waliokwisha kuchoka nayo, wakang'oa milango na viti vya nyuma, halafu kila Jumapili wakayashindanisha kwenye njia ya vumbi ya shamba. Dada yao alipeperusha bendera. Mimi niliolewa mle nikiwa sijui hata klachi ni kitu gani, na mwaka haujesha nikawa ndiye mshika saa na ndiye mwenye kelele kuliko wote. Niseme mapema kwamba katika ukoo ule hakuna aliyependa ushindi kama mimi.

Mwaka 1964 tuliondoka Unguja na nguo za mwilini. Tulihangaika karibu mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kuingia Maskati, na hapo ndugu wale wawili wakapata kazi ya udereva, kila mmoja kwa tajiri wake wa Matrah, mji wa bandari wa jirani. Magari yalikuwa machache hata dereva ukimjua kwa honi yake. Njia zilikuwa mabonde makavu, na ufuo wa bahari maji yakipwa. Kwa hiyo madereva walikuwa na sharti moja: ukimwona mwenzako amesimama anapunga kilemba, amekwama, nawe unasimama. Awe rafiki, awe mtu mliyegombana jana, unasimama, kwa sababu kesho utazama wewe.

Ijumaa baada ya swala walishindana kwenye ufuo, kutoka Azaiba hadi Seeb. Suud alishinda mara nyingi, na mdomo wake haukuwa na breki. Alimwita kaka yake kobe mbele ya watu. Mahfoudh alicheka. Mimi sikucheka.

Na kulikuwa na jambo tulilolijua wawili tu. Mahfoudh alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tajiri angejua, angemnyang'anya ufunguo siku hiyohiyo, na mume wangu bila ufunguo alikuwa hajui aamke kwa ajili gani. Kwa hiyo nilipanda naye na buibui langu, hata Ijumaa za mashindano, kwa kisingizio cha kwenda kuwasalimu jamaa, nikawa namwonyesha njia kwa sauti ya chini: jiwe kulia, mchanga laini mbele, ngamia huyo. Wenzake walimtania kwamba haendi popote bila mke. Alikubali kutaniwa.

Ijumaa moja ya mwaka 1967, Suud alitutangulia kama kawaida. Tulipokunja kona ya mawe nikaiona Landrova yake imezama mchangani, karibu kabisa na maji, na maji yalikuwa yameanza kujaa. Yeye alikuwa juu ya boneti na kilemba chake mkononi, anapunga kwa nguvu. Niliona kila kitu. Niliona hata povu likilamba tairi.

"Nasriya, nnaona kitu cheupe," Mahfoudh akaniambia. "Suud huyo? Amekwama?"

"Anatukejeli tu," nikasema. "Twende."

Akakanyaga mafuta. Tukampita ndugu yake wa damu, nami nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka Seeb. Nilijiambia walio nyuma watamvuta. Kweli walisimama wote, lakini walipomaliza kufunga kamba, bahari ilikuwa imeingia kwenye injini. Tajiri wake akamfukuza. Suud, dereva hodari kuliko wote niliowajua, akawa mchukuzi wa magunia pale Matrah.

Kesho yake alikuja kwetu. Nilikuwa nyuma ya pazia.

"Kaka, ulinitazama usoni ukanipita," alisema.

Nilingoja Mahfoudh aseme kwamba mke wake ndiye aliyemwambia. Nilikuwa tayari hata kutoka na kupiga magoti. Akasema, "Nilitaka kushinda." Basi. Suud akaondoka, na sisi hatukulizungumza tena, wala mimi sikuthubutu kulianzisha.

Miaka miwili tulikaa na aibu ile nyumbani. Madereva waliitikia salamu ya Mahfoudh kwa kuwa ni wajibu, wakageuka. Akifika mahali walipokaa kunywa kahawa, mmoja alikumbuka gari lake, mwingine alikumbuka mtoto wake, akabaki na birika. Yeye hakulalamika. Mimi ndiye niliyekonda. Kila nilipompakulia chakula niliona mkono wake unaitafuta sahani, nikajua kwamba mkono ule ndio unaolaaniwa kwa kosa la ulimi wangu.

Sikukuu ya Idi ya mwaka 1969 nilipanga halwa na kahawa tangu asubuhi. Mpaka adhuhuri hakuingia mtu. Nikajitupia buibui, nikaenda kwa Suud. Walikuwa wamejaa wote pale, mlango wazi. Nilisimama kizingitini nikasema:

"Shemeji, Mahfoudh hakukuona. Haoni vizuri miaka mingi sasa. Mimi ndiye niliyekuona, nikamwambia unatania. Nilidhani unatania."

Suud akashika kichwa akalia, na wote wakainuka, wakaja kwetu kundi zima.

Nilitazamia siku ya furaha. Walimkumbatia Mahfoudh, wakamwomba radhi. Lakini Yaarub, dereva mwenzake ambaye miaka miwili alikuwa hamtazami, akamshika mkono kumvusha kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Mwingine akamwambia, kwa sauti ya kumwambia mtoto, "Halwa iko hapa mbele yako, mzee." Mahfoudh alikuwa na miaka arobaini na sita. Suud akamwomba ufunguo wa gari, kwa upole, kwamba yeye ataurudisha kwa tajiri, kaka apumzike sasa. Mahfoudh akautoa mfukoni. Niliona uso wake. Sijawahi kumwona mtu amevuliwa nguo mbele ya wageni, lakini nadhani huwa na uso kama ule.

Walipoondoka nilianza kukusanya vikombe ili nisikae naye.

"Miaka miwili walinichukia," akasema. "Lakini walinichukia kama dereva."

Nikamwambia nilitaka kumwondolea lawama.

"Lawama nilikuwa naiweza."

Aliugeuza uso kuuelekeza nilipo, kidogo pembeni ya nilipo. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kupata jambo moja tu la uhakika.

"Nasriya. Siku ile, kweli ulidhani anatania?"

Ningeweza kumwambia. Hakukuwa na mtu mwingine nyumbani.

"Ndiyo," nikasema.