Milango Arobaini na Mmoja

Mjomba wangu ni seremala, na ukitaka asimamishe kazi yako nusu, mguse kwenye habari ya milango. Kichochoro chetu kina milango arobaini na mmoja. Yote kaitengeneza yeye, na yote ilikuwa inafunguka nje, kwa sababu vyumba vyetu ni vya kitanda kimoja na nafasi ya kuvulia viatu. "Mlango ukifunguka ndani, kitanda utakiweka wapi, kichwani?" huwa anauliza, na kabla hujajibu ameshahamia kwenye aina za bawaba. Ana kichwa kigumu, na nampenda hivyo hivyo.

Mkewe, ambaye mimi namwita mama kwa kuwa ndiye aliyenilea, alivunjika nyonga miaka mitatu iliyopita. Alipewa kiti cha magurudumu, lakini kichochoro kilikuwa mashimo na matope matupu, na nyumba yetu iko mwisho kabisa. Kiti kikageuka kabati la mashuka. Akitaka kwenda barabarani, Mjomba alichuchumaa nje ya mlango, mama akampanda mgongoni, na safari ikaanza kwa ugomvi.

"Taratibu, mimi si gunia."

"Gunia halina maneno mengi hivi."

Majirani walicheka. Mama hakucheka sana. Siku moja tukikunja nguo aliniambia hana hamu ya kitu kingine chochote, ila kufika barabarani bila kumwomba mtu.

Ndipo akaja msanifu majengo, dada mmoja mpole mwenye viatu vya matope. Mradi wake ulikuwa na saruji ya kutosha njia moja tu, ya kwetu au ya kichochoro cha nyuma, na sharti lilikuwa moja: zibaki mita mbili wazi, ili kiti na mtu mwenye ndoo waweze kupishana. Wapimaji wake walikuja mchana, watu wako kazini, milango imefungwa. Wakapata mita mbili na kidole juu. Mjomba alizunguka mtaa mzima akisimulia jinsi alivyowashikia tepu.

Lakini msanifu yule ana tabia yake. Hajengi kitu mpaka wenyewe wamekijaribu kwa miguu yao. Jumamosi asubuhi, matope yakiwa yamekauka, alichora njia kwa chokaa, tukamtoa mama na kiti chake, kisha akasema, "Naomba kila mtu afungue mlango wake kama siku zote."

Milango arobaini na mmoja ikafunguka, na njia ikapotea. Kiti kilikwama kwenye mlango wa tatu, kwa muuza mkaa. Hakuna aliyemtazama Mjomba, na nadhani angefurahi zaidi kama wangemtazama.

"Basi saruji ipelekeni kwa wenzetu wa nyuma," mama alisema polepole. Tulipomrudisha ndani, aliomba mashuka yake, akaanza kuyapanga tena juu ya kiti.

Mjomba aliyaangalia yale mashuka. Kisha akatoka kumfuata msanifu. "Nipe wiki mbili," akamwambia. "Saruji usiipeleke popote."

Mlango usio na bawaba alikuwa akiuita ubao. Sasa akaanza kutundika mbao arobaini na moja. Kila mmoja ulining'inia kwenye reli ya chuma na kuteleza ubavuni mwa ukuta, kwa vigurudumu alivyochonga mwenyewe na kuvipaka sabuni. Kwa fundi cherehani aliupeleka kulia, maana kushoto ndiko anakopata mwanga. Muuza mkaa alilalamika kwamba mlango huu mtu akikasirika hawezi kuubamiza. Mjomba akamshauri akasirike taratibu. Hakujisifu hata mara moja wiki zote mbili, mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi na afya yake. Wa mwisho ulikuwa wetu.

Saruji ikamwagwa, ikakauka. Asubuhi hiyo mama alivaa viatu, ambavyo kwa miaka mitatu hakuwa na haja navyo. Mjomba akausukuma mlango pembeni, akatoka, na kwa mazoea akachuchumaa, kampa mgongo, mikono nyuma tayari kumpokea.

Mama alisimamisha kiti nyuma yake.

"Mzee, umeziba njia."

Akasogea bila kuinuka. Mama akampita, akaupita mlango wa muuza mkaa, akamsalimia fundi cherehani kama mgeni aliyerudi safari, na kuendelea mpaka kwenye mwanga wa barabara. Hakugeuka nyuma. Mjomba alikuwa bado amechuchumaa pale pale, na mimi nikadhani magoti yamegoma, nikaenda kumshika mkono.

"Niache kidogo," alisema, macho yamemjaa machozi. "Nimezoea uzito wake."

Nikachuchumaa kando yake, tukamngoja arudi.