Ungo Uliotoboka Pembeni

Mwaka huu nilirudi Lagangabilili baada ya kuzurura Kahama, Mpanda na kwingine ambako sikukaa. Nyumba ya bibi inabomolewa. Niliingia kuchukua chochote cha ukumbusho, nikaukuta ungo wake ungali kwenye msumari ukutani. Wewe ungeuona ungesema ni panya: ukingo una matundu pande zote, katikati pazima. Kaa basi nikueleze.

Utoto wangu ulinuka michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Jirani yetu, mama mpole, alianika viazi vyake juu ya jabali, na kila nilipopita kwenda kuwinga ndege alinifungia vipande viwili vitatu kwenye pindo la khanga. Mtama ukikomaa, sisi wasichana tulishinda juu ya dungu, lile jukwaa la miti shambani, tangu alfajiri, tukipiga madebe na kupaza sauti hadi zikauke. Kwelea kwelea walishuka kama moshi. Jasho la msimu mzima liliweza kuliwa kwa siku mbili.

Babu alikuwa na gobore. Akilisafisha aliniruhusu nitie kidole mdomoni mwa mtutu, nikagusa mifuo iliyojizungusha ndani kama nyuzi za skrubu. Magobore ya wengine yalikuwa laini ndani. La babu alilitia baruti, kisha risasi moja ya duara iliyofungwa kitambaa chenye samli, akashindilia kwa ufito.

"Hili hula tonge moja," alisema kila mara. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kwetu mkubwa akisema, amesema.

Msimu mmoja baba mdogo alirudi kutoka Mkula kwenye uvuvi, na mfuko wa vile vyuma vya risasi vinavyozamisha nyavu. Babu alikuwa Bariadi kwa matibabu. Ndege walipoanza kutumaliza, baba mdogo alivikata vyuma vile kwa panga, vipande vidogo kama punje za mtama, akamimina kiganja kizima mtutuni. Aliniambia akicheka kwamba tonge moja ni la tembo, ndege elfu wanataka sahani. Akalenga katikati ya kundi.

Ndege wakaruka wote. Sikuona hata mmoja akianguka. Nilichosikia ni yowe la jirani, aliyekuwa akichuma majani ya maboga mpakani, mbali upande wa kushoto, mahali ambapo yeyote angesimama bila hofu. Kipande kimoja kilikuwa kimemwingia jichoni.

Wiki hiyohiyo familia zetu zilikuwa zimegombana juu ya mpaka ule. Baba mdogo aliapa kwamba alilenga ndege, wakamwuliza ni bunduki gani hupiga pembeni. Wazee walielekea kumtenga: asipewe moto wala maji na mtu yeyote, mpaka ahame mwenyewe.

Babu alifika siku ya hukumu, bado amefungwa bandeji mguuni. Hakumtetea kwa maneno. Alimwomba bibi ungo, akautundika kwenye ua wa minyaa, akauwekea alama ya mkaa katikati na kuhesabu hatua kumi. Akalishindilia gobore kwa vipande vilevile, akampa mume wa jirani.

"Lenga mkaa, wewe mwenyewe, mwanangu."

Alilenga, mtutu ukiegemea panda ya mti. Moshi ulipoondoka tulisogea kutazama. Ukingo ulitoboka kuzunguka pande zote. Mkaa haukuguswa. Babu akaeleza taratibu kwamba mifuo ile huizungusha risasi moja ikaenda sawa, lakini vipande vingi huvitupa nje, kama mbwa aliyelowa anavyokung'uta maji, na kadiri viendavyo mbali ndivyo duara linavyopanuka.

Baba mdogo alikaa chini akalia. Ndipo mume wa jirani akauliza, kwa sauti ya chini:

"Mzee, ulijua tangu lini?"

"Kabla huyu hajazaliwa."

"Na hukumwambia."

"Nilimwambia tonge moja. Nilidhani amri inatosha."

Baba mdogo hakutengwa. Babu hakuhukumiwa na mtu, ila watu walianza kupita kwetu bila salamu, naye hakuwalaumu. Jicho la pili la jirani likalifuata la kwanza. Mimi ndiye niliyemshika mkono kwenda kisimani. Njiani aliuliza kama ndege wameshuka, nami nilisema hapana hata walipokuwa wamejaa.

Leo shamba lile ni ofisi za serikali, na jabali la michembe limepondwa kokoto. Madungu hayapo. Wote niliowataja wamezikwa, na bibi hakupepeta tena kwa ungo ule wala hakuutupa.

Nilipoutungua, mpwa wangu wa kike aliuliza matundu yale ni ya nini. Jibu la kwetu lilikuwa tayari ulimini: achana nayo. Nikalimeza. Nikaketi kizingitini, nikamshika kidole, nikakipitisha tundu baada ya tundu, nikaanza na ile mifuo.