Makofi ya Pole

Mke wangu alikuwa na jambo moja alilotaka kuiambia serikali, akafa hajalisema.

Lilianza siku ya uchaguzi, miaka ya nyuma kidogo. Alivaa kitenge chake cha kanisani akaenda shuleni kupiga kura. Kura ya diwani akaambiwa haipo, kwa kuwa mgombea aliyebaki ni mmoja tu na amepita bila kupingwa. Alirudi akakaa mlangoni, hakubadilisha nguo.

“Hata akiwa mmoja,” akaniambia, “si watuulize kama tunamtaka?”

Nikamwambia aliache. Hakuliacha. Alilisema sokoni Kibondo alikouza maharage, akalisema kwa mama yake kule Muyama, ila mahali penye mkubwa wa serikali hakulisema. Muyama iko jirani na Burundi, na lafudhi yake ilikuwa ya huko. Kila alipokwenda Kasulu alijua huenda watu wa uhamiaji wakamshusha kwenye basi wamuulize babu yake alizikwa wapi. Mtu anayeulizwa hivyo mara nyingi hujifunza kuchagua pa kufungulia mdomo.

Tulimzika wakati wa mvua. Nywele nilizonyolewa msibani zilikuwa hazijaota vizuri lilipopita gari la matangazo kwenye barabara ya Busunzu. Wananchi waliitwa ukumbini Kibondo kutoa maoni kuhusu namna ya kumchagua rais, wabunge na madiwani. Jirani yangu fundi cherehani alisimamisha mashine akalisikiliza gari mpaka likapotea.

“Wakikuuliza maoni halafu wakakupa soda,” akasema, “ujue maoni wamekuja nayo. Soda ni ya kukushukuru kwa kukaa.”

Akaongeza kuwa wataandika majina, na jina likishaandikwa hujui litasomwa na nani. Sikumbishia, maana hata mimi nilijiuliza kwa nini tuulizwe sasa. Lakini neno la mke wangu, nisipolisema mimi, nani angelisema? Nikapanda pikipiki.

Mlangoni tuliulizwa jina, kijiji na namba ya simu. Mzee aliyenitangulia alisema namba yake ameisahau, na simu ikawa inaita mfukoni mwake. Ndani, makreti ya soda yalikuwa yamepangwa chini ya dirisha. Nikamkumbuka fundi.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa mgeni, mtu wa mkoa mwingine, mpole, mwenye Kiswahili kizuri. Kando yake alikaa katibu akiandika. Walipitia mambo mengi na watu wakajibu kwa tahadhari, sentensi fupi, kama wanaojibu kwenye kizuizi cha barabarani. Ndipo mwenyekiti akafika kwenye jambo letu. Alisema mgombea akibaki peke yake hupita bila kupigiwa kura, na kwamba utaratibu huo huokoa muda na gharama. Akauliza kama kuna mwenye maoni.

Nikasimama.

Wanawake waliouza sokoni na mke wangu walikuwa wamekaa safu za nyuma. Wengi hawakuwa wameniona tangu mazishi. Kwetu Buha, mwanamke humsalimia mtu kwa heshima kwa kuinama kidogo na kupiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa, na mfiwa hupewa pole hivyo hivyo. Waliinama wakanipigia. Nikasikia “mwihangane, mwihangane,” yaani vumilia. Ukipigiwa hivyo husemi neno. Unangoja wamalize, kisha unawajibu kwa makofi yako. Nikangoja, nikawajibu.

“Ahsante sana, mzee wangu,” mwenyekiti akasema akitabasamu. “Ahsanteni wote. Tuendelee.”

Katibu akaandika. Wakaenda kwenye jambo lingine, mimi nimesimama. Nikakaa. Nilidhani watanirudia, huenda kuna utaratibu wao nisioujua, mimi mtu wa darasa la saba. Hawakunirudia.

Mwishoni katibu alisimama kutusomea muhtasari. Alipofika kwetu alisoma kwamba kuhusu mgombea kupita bila kupingwa, wananchi wameridhika na utaratibu uliopo, na wameuunga mkono kwa makofi.

Sikujua kama amekosea au amependa kukosea. Mpaka leo sijui. Nilichokiona ni kwamba neno la mke wangu limegeuzwa kuwa kinyume chake, na mikono iliyoligeuza ilikuwa ya rafiki zake, pamoja na yangu. Nikasimama tena. 

“Yale makofi yalikuwa ya mke wangu,” nikasema. “Amefariki. Walikuwa wananipa pole.”

Mwenyekiti akavua miwani, akasema pole sana, mzee wangu, na nikaona kwamba pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akasema muda umekwisha, tumekuelewa.

“Hamjanielewa, bado sijasema,” nikajibu. Nikalisema: hata akiwa mmoja, tupige kura ya kumtaka au kumkataa, na akikataliwa aletwe mwingine. Nilidhani nimebeba mzigo mkubwa, kumbe ulikuwa maneno ya pumzi moja.

Mwenyekiti akasema limechukuliwa. Kutoka nyuma, mama mmoja muuza ndizi, aliyekuwa akibishana na mke wangu kila siku, akasema, “Shemeji, usikae. Asome kwanza.”

Katibu akamtazama mwenyekiti, akaandika, akasoma. “Mwananchi mmoja aliye katika msiba amependekeza mgombea pekee apigiwe kura.”

“Toa msiba,” nikamwambia.

“Ni kwa heshima tu, mzee.”

“Msiba ni wa nyumbani kwangu. Mkiuweka hapo, atakayesoma atasema ni uchungu tu.”

Alikata kitu kwa kalamu. Pale niliposimama sikuweza kuona alichokikata, na siwezi kuapa kwamba alikata maneno yale. Karatasi ile sijui iliishia wapi. Fundi anasema anajua, lakini fundi huwa anajua kila kitu.

Nikakaa, mwenyekiti akafunga kikao. Alitushukuru kwa ushirikiano, akatutakia safari njema, akanyamaza kidogo, kama wageni wanavyofanya wakimaliza kusema. Kwa kawaida watu wa kwetu hapo tungempigia, maana mgeni huagwa kwa heshima.

Nikageuka. Wanawake wa safu za nyuma walikuwa wameingiza mikono ndani ya vitenge vyao, wote, na wanamtazama. Yule muuza ndizi alikuwa amejifunga chake mpaka kidevuni kama mwenye baridi.

Mwenyekiti akangoja. Na mimi mikono nikaikalia.