Baba Violeth na Bunduki Aliyoikataa

Steve alikuwa seremala wa mtaa wa Troyeville, Afrika Kusini, Mzungu mzaliwa wa nchi hiyo mwenye Kiswahili cha Morogoro na ulimi usio na breki. Mkewe Melania, ambaye Steve alimwoa hukohuko Morogoro alipokuwa mkimbizi, alisema mume wake hupiga soga hata na milango anayoitengeneza.

Basi fikiria taabu yake Jumamosi ile ya mwaka 2018, familia ya Cédric, kijana wa Kikongomani, ilipokuja kumposa binti yao Violeth. Melania alishamwonya: siku ya posa baba wa binti hafungui mdomo. Msemaji ni Bakiri, fundi cherehani jirani yao kutoka Tanga. Steve akaketi na shati lake lililopigwa pasi, midomo ameibana.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Alexis, mjomba wa Cédric, alipoweka soda yake chini. Alikuwa mlinzi huko Bertrams, mtaa wa jirani, na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Wazungu ba umri wake bote balikuwa mu jeshi," alimwambia Bakiri. "Balienda kupigana Namibia. Na yeye alienda?"

Bakiri akakohoa. Hilo hawakuwa wamelipanga.

Akiwa na miaka kumi na tisa Steve aliitwa jeshini akawapige Wanamibia waliokuwa wakidai nchi yao. Akakataa, akavuka kuingia Botswana na begi moja, hatimaye akafika Morogoro. Baba yake alimwita mwoga, akafa bila kumsemesha tena. Neno hilo lilikuwa bado linamuuma, na leo likitamkwa mbele ya wakwe, posa ya mwanawe ingeharibika kwa ajili yake. Lakini kumwachia Bakiri atunge uongo, hapana.

"Niliitwa, nikakataa," alisema mwenyewe. Melania akafumba macho. "Nikakimbia."

Mama Jeanne, mamake Cédric, akainua kichwa. "Ulikimbia?"

"Nilikimbia, mama."

"Eish." Mama Jeanne akaanza kucheka mpaka kilemba kikamlegea. "Miye nilikimbia na huyu Cédric mu mugongo, juu ya bakaka yake bakubwa basipewe bunduki. Papa, weye ni mutu wa kwetu."

Sebule nzima ikaangua kicheko, na Melania akafumbua macho. Alexis peke yake hakucheka. Steve akamtazama, akilisubiri lile neno la baba yake.

"Miye bunduki niliibeba," Alexis alisema taratibu. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Hakuna mutu aliniambia kama inawezekana kukataa."

Akanyanyuka, akahamisha kiti chake, akaketi ubavuni mwa Steve.

"Hawa batoto bakizaa," akasema, "iyo habari bajukuu utabaambia weye mwenyewe. Bayuwe mapema."