Kinyonga Alitaka Koroboi

Ijumaa nilisimama kwenye ofisi ya walimu nikiwa na sweta ya mtoto mkononi, mwalimu wake wa darasa akaniambia polepole, kama mtu anayempa mgonjwa pole, "Mama Mumbua, huyu mtoto ako na shida ya kudanganya." Akafungua droo, akatoa jiwe dogo, akalimulika kwa tochi ya simu. "Ona mwenyewe. Ni kijani. Imekuwa nyekundu saa ngapi, vile anaambia wenzake?" Kisha akanieleza, bila hata kushusha sauti, kwamba alimsimamisha binti yangu mbele ya gredi ya tatu nzima, akamwambia aseme, "Mimi ni mwongo." Na Mumbua akasema. Jiwe likarudi kwenye droo, ati litakaa huko mpaka muhula uishe.

Hapo nikafika mwisho. Nimevumilia mengi ya hiyo shule, lakini hili hapana. Hilo jiwe mimi nalijua.

Sisi tuliokulia mtaa wa Kabiria mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tunajua giza ni nini. Tuliruka bladda ya mpira wa tairi mpaka magoti yakawa meupe kwa vumbi, tukacheza kati, wa katikati akikwepa mpira wa karatasi uliofungwa kamba, tukala mabuyu yaliyopakwa rangi mpaka ulimi ukawa mwekundu hadi kesho yake. Mandazi tuliita ngumu na zilikuwa ngumu kweli, ukimrushia mtu anaumia. Jioni stima zikipotea, ploti nzima, vyumba vyote vya kupanga, inalia kwa pamoja, na zikirudi inashangilia utadhani timu imefunga bao. Leo wangu nikimwambia atoke nje acheze, ananiuliza nje kuna waifai.

Mama yangu alikuwa anauza chai mjini. Alipanda ngazi za majengo ya zamani na birika lake kubwa, na shule zikifungwa nilimbebea vikombe. Orofa moja ilikuwa na chumba cha watu wa mawe ya vito. Huko ndiko nilimjua Mzee Kilonzo, mkata mawe, mtu wa vidole vyenye vumbi na mdomo mrefu. Mama akichelewa dakika chache tu, anaanza: "Mama Mutua, hii chai ulienda kuchuma Kericho?" Na mama, bila kumwangalia, "Kunywa, mzee. Maneno haina sukari."

Wateja wa chumba kile hawakuwa wanatafuta pete ya harusi. Walikuwa wakusanyaji, watu wanaoweka mawe kwenye visanduku vya kioo vile wengine wanaweka picha za watoto. Wengine walitaka jiwe likiwa bado na udongo wake, kama lilivyotoka ardhini. Lakini lililowakosesha usingizi ni ganeti fulani, aina ya kito kutoka upande wa Taita, ambayo ni ya kijani dirishani na nyekundu kwenye taa. Nakumbuka mmoja, mzee mwenye lenzi shingoni. Alisema pazia lifungwe, balbu ile ya waya, yenye mwanga wa manjano, iwashwe, kisha izimwe, pazia lifunguliwe. "Tena," akasema. Ikafanywa tena. "Tena." Mama alisimama mlangoni na birika, chai inapoa, na hakuna aliyejali. Yule mzee alicheka kama mtoto aliyetekenywa mbavuni. Kwake ukubwa wa jiwe haukuwa kitu. Alichokuwa anatafuta ni ile dakika linapogeuka.

Siku moja Mzee Kilonzo alimwekea mama kipande kwenye kitambaa. "Hii iko na ufa. Wakusanyaji hawawezi kuigusa. Pelekea watoto."

Tulikipokea mchana, cha kijani kama sukuma iliyokomaa. Mimi na ndugu yangu Mutua tukagombana nani atalala nacho. Saa moja stima zikaenda. Mama akawasha koroboi, ule mkebe wa mafuta ya taa uliotujaza masizi puani, na jiwe mkononi mwangu likawa rangi ya tunda damu. Mutua akaruka. "Umeibadilisha. Umeficha yetu. Wewe ni mwizi." Nikaanza kulia, kwa sababu hata mimi niliamini limebadilishwa, sema sikujua na nani.

Mama hakutupiga wala hakucheka. Alichukua koroboi, akaisogeza, akaiondoa, akaisogeza tena. "Jiwe ni lile lile," akasema. "Taa ndiyo ingine. Sasa mwambie dada yako pole." Mutua akasema pole, kwa shida, lakini akasema. Kuanzia hapo tukaliita Kinyonga, na kila stima zikipotea tulilikimbilia kabla ya kukimbilia kiberiti.

Ninashukuru kwa hilo. Ninashukuru kwa masizi, kwa giza, kwa miguu ya mama iliyovimba kwa ngazi za watu na bado akakaa chini kutuonyesha kitu mara tatu kabla ya kuamua nani mwongo. Hatukuwa na mengi, lakini mtoto akisema jambo la ajabu, kuna mtu mzima alikuwa anaenda kuangalia.

Siku hizi taa zetu ni nyeupe kila mahali, nyumbani, shuleni, kwenye simu. Kinyonga hazitaki. Akimulikwa na tochi ya simu anabaki kijani, ametulia. Mumbua, ambaye nilimrithisha Kinyonga, alimwona akigeuka kwa mshumaa tu, kwenye keki ya kuzaliwa ya bibi yake, na Jumatatu akaenda naye shule kuwaambia wenzake kwa furaha yake yote.

Leo asubuhi nimepeleka barua, nikangoja nakala yangu igongwe muhuri. Inasema hivi:

Kwa Mwalimu Mkuu.
KUH: MTOTO WANGU KULAZIMISHWA KUJIITA MWONGO

Mimi ni mama yake Mumbua wa gredi ya tatu na ninalalamika rasmi. Mtoto alisema jiwe lake ni la kijani mchana na jekundu kwenye moto. Alisema kweli. Nataka arudishiwe jiwe mkononi mwake, si mwangu. Pia nataka darasa lile lile likae, mapazia yafungwe, taa zizimwe, na mwalimu mwenyewe awashe mshumaa mtoto akiwa ameshika jiwe. Baadaye mwalimu amwambie pole, watoto wakisikia.

Mshumaa na kiberiti nimeambatisha.